Mikono ya Mwanakheri Msumarini

Jana usiku niliota, na wewe msomaji ulikuwamo, umegeukia dirishani kama kawaida yako.

Nampeleka Mwanakheri, binti wa dada yangu, darasani kwake, la tatu. Akishindwa swali moja anarudishwa la kwanza. Mlangoni pameandikwa: HAPA TUNAJIFUNZA KWA MACHO TU.

"Mikono ibaki nje," mlango unasema. "Ya mtoto na yako, mjomba mtu."

Tunaichomoa; haiumi. Nautundika wangu wa kwanza msumarini. Wa pili nautundika kwa meno. Misumari imejaa mikono ya darasa zima, mingine inapunga.

Ubao unakohoa vumbi. "Saba mara nane?"

Mwanakheri anautazama. Anautazama tena. Nyumbani hesabu zote huzijibu akisuka ukili wa mkeka, vidole vikipita kwenye majani ya miyaa. Sasa vidole vyake vya hina viko nje.

"Mzito huyu," ubao unasema.

"Mzito nani?" naujibu. "Hata mimi uliniita hivyo. Mwaka themanini na nne, Jumanne, baada ya uji. Nikafukuzwa, nikajifundisha kusoma kwa kupapasa vibao vya namba za magari."

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka."

Mara darasa limekuwa ua wa dada yangu. Misumari iko ukutani, na mikono ya Mwanakheri inasuka peke yake: saba, saba, saba, mpaka mara nane.

"Hamsini na sita!" mtoto anapiga kelele.

"Hilo ni jibu la mikono," ubao unasema. "Halina alama. Rudi la kwanza!"

"Sirudi," anasema Mwanakheri.

Kengele inalia. Tunaivamia misumari, kila mtu anachomoa mkono au kidole chochote kilicho karibu, tunatoka mbio.

Nikaamka. Nilipokuwa nanawa uso nikaona ukucha wa kidole gumba changu cha kulia una hina. Sijapaka hina tangu nizaliwe. Nikamchungulia Mwanakheri kitandani: kucha tisa zina hina, moja haina.

Kikao cha walimu na wazazi cha kumrudisha darasa ni leo, saa nne asubuhi, na hicho sikukiota. Mtoto wako naye anasoma pale pale, na unajua anavyoelewa akishika kitu. Acha hiyo chai. Vaa viatu, twende tukawaambie wamwulize Mwanakheri akiwa na ukili mkononi. Inuka!