Lamya Hajapungukiwa

Mtaa mzima wa Buyenzi hakuna bibi anayewahi kama mimi akiitwa shuleni. Nimeitwa mara mbili tu, na mara ya kwanza niliingia shule isiyo yetu, nikamgombeza mwalimu ambaye hata hamjui mjukuu wangu. Lakini nilifika mapema.

Mara ya pili aliniita direkteri mwenyewe, mkuu wa shule. Lamya, mtoto wa binti yangu, ana miaka tisa. Hakai kwenye benchi, anajibu kabla hajaulizwa, na kila hesabu anaiacha katikati. Direkteri alisema huo ni ukaidi. Apimwe, ama atafutiwe shule nyingine. Njia nzima ya kwenda kupimwa Lamya aliniuliza, "Bibi, watanifukuza?" Nikamwambia anyamaze, maana hata mimi nilikuwa sijui.

Anayepima watoto ni Madamu Irène, binti mdogo mwenye miwani mikubwa. Alizungumza na Lamya, akamtoa nje acheze, akanikalisha.

"Bibi Adija, hali hii inaitwa upungufu wa umakini."

"Upungufu? Apana, mwanangu. Mi napaka hina mabibi harusi, na Lamya ananisaidia. Juma lililopita alimupaka Amira miguu yote miwili, tangu alasiri mpaka magharibi. Maji hakunywa. Amira akaomba kwenda chooni, mutoto akamwambia, 'Ngoja nimalize kisigino.' Mutu aliyepungukiwa anaweza kumuzuia bibi harusi na haja yake?"

Madamu akacheka, kisha akakohoa ili nidhani hajacheka.

"Na darasani je?"

"Darasani anaona vyote: mwalimu, dirisha, na mujusi ukutani. Unawajua wale vijana wanaoshuka mulimani na velo, baiskeli zao, ndizi mugongoni, breki zimekufa? Utasema hawana velo?"

"Wanazo."

"Tena zinakimbia kushinda gari yako. Basi andika hivyo. Velo bila breki."

"Siwezi kuandika velo kwenye karatasi ya shule, bibi."

"Andika kwa herufi ndogo. Ukimwambia mutoto kila siku amepungukiwa, ataanza kujitafuta pale palipopungua."

Akaandika kitu. Halafu akanipa fomu ya maswali kumi na nane kuhusu mtoto na nyumbani kwake, akaenda kupiga simu.

Aliporudi aliniuliza, "Umemaliza?"

"Zamani."

"Kwenu kuna mwingine aliye hivi?"

Nikaona mtego. Wakijua ni ukoo mzima, si watatufukuza wote?

"Hata mumoja. Sisi ni watu wa kutulia."

Akaichukua karatasi. Maswali matatu yamejibiwa. Kuanzia la nne kwenda chini alikuwapo yeye mwenyewe, na miwani yake, na pua niliyomuongezea kidogo.

"Nani amechora?"

"Lamya. Huyo ukimwachia karatasi tu, basi."

Madamu Irène hakubisha. Alikunja mchoro vizuri, akautia kwenye faili.

"Direkteri anasema ni ukaidi," akasema. "Nikimuonyesha kwamba mutoto ameirithi hali hii, hatakuwa na neno. Lamya atabaki darasani, akae mbele, na kila nusu saa atumwe kufuta ubao. Lakini lazima nijue ameirithi kwa nani."

Akafungua dirisha. Uani, mbali kabisa, Lamya alikuwa anawafundisha wenzake kuruka kamba, kama alivyokuwa tangu nilipopewa ile fomu.

"Haya, bibi. Niambie tena nani amechora."