Mpasuko Katikati ya Tanga

Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha, binti fundi cherehani alitia mashine yake mafuta, akazungusha gurudumu taratibu mpaka sindano ipite bila kulalamika. Siku hiyo hakumaliza. Mlango ulisukumwa kwa bega, likaingia tanga, na nyuma ya tanga akaingia baba yake.

Tangu binti ahamie chumba hiki, baba hakuwahi kukanyaga. Siku ya kuhama alimwambia kwamba anayejiona mkubwa aende zake, asirudi na shida zake. Binti, mwepesi wa kuumia, alilibeba neno lile kama lilivyo. Wakanuniana, salamu zikawa zinapitia kwa shangazi.

Sasa baba alikwepa macho yake. Alisema upepo umelichana tanga la mashua yake, na mafundi wengine wote wametingwa na kazi. Fundi wa jirani alikuwa mlangoni pake akipiga soga.

Binti alilitandaza tanga mezani. Upepo huchana ukingoni au kwenye mshono, na huacha nyuzi zimechambuka kama ndevu. Mpasuko huu ulikuwa katikati ya kitambaa kizima, umenyooka kama rula. Mfukoni mwa baba, mpini wa kisu cha kukatia kamba ulikuwa unachungulia.

Akisema alichokiona, baba atafedheheka, aondoke moja kwa moja. Akinyamaza, atamaliza kushona, baba abebe tanga lake, na mambo yabaki palepale.

Akakata kiraka, akakilaza kufuata nyuzi za tanga kisije kikavuta upande, akapinda kingo, akaanza kushona. Baba aliketi kwenye stuli. Alisifu mashine, akakagua bawaba za mlango, akasema paa linaonekana zima. Kila uzi ulipokatika, uso wake ulichangamka.

Ulipobaki upande mmoja, binti aliondoa mguu kwenye kanyagio.

"Baba, huu upepo wako umenolewa wapi?"

Baba alicheka kidogo. Akakitoa kisu, akakiweka mezani polepole.

"Ningekuja mikono mitupu, ungenifungulia?"

"Nisikufungulie kwa nini, baba?"

Baba alikipapasa kiraka kwa kidole gumba, kama anayetafuta pa kuanzia.

"Siku ile, mama," akasema, "nilichotaka kukwambia ni usiende."