Upande Anaposimama Severa

Asubuhi moja ya mwaka 1956, Severa alikuwa akijifunga kanga katika chumba chake cha kupanga, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, alipoona mifupa ya mtoto tumboni mwake. Mimba ilikuwa ya miezi sita. Mbavu zilionekana kupitia ngozi, nyembamba kama miba ya dagaa, na mtoto alikuwa amejifunika uso kwa mikono. Zamda, mama mwenye nyumba, aliingia kuomba chumvi, akatazama.

"Amelala vibaya huyu, mwanangu," akasema. "Jifunge kanga mbili, asiingiwe na upepo."

Severa akajifunga mbili, akaenda kazini amekumbatia tumbo, akiogopa hata jua. Kazi yake, katika zahanati moja karibu na soko la Kariakoo, ilikuwa kuwashika watoto wasitikisike wakipigwa eksirei. Alimwonyesha daktari mwenye zahanati. Daktari akasema picha ya tumbo ni safi kuliko zinazotoka mashineni siku hizi, kwa hiyo mashine ina hitilafu. Akaagiza fundi aitwe.

Fundi Champaklal alimweleza Severa kwamba ndani ya tyubu ya kioo iliyomo mashineni elektroni hurushwa kwa kasi, zikagonga bamba la chuma, na hapo zinapogonga ndipo eksirei hutoka. Mkondo wa elektroni hauonekani kwa macho. Hupimwa kwa alama ambayo eksirei huacha kwenye filamu. Akabandika vipande vya filamu pande zote za mashine, akaiwasha. Viliposafishwa, vyote vilikuwa na ukungu mwepesi. Kimoja tu kilikuwa cheusi tititi: cha upande anaposimama Severa.

"Mkondo umehama," Champaklal alimwambia daktari. "Miale inavuja kwa huyu mama. Izime mpaka tyubu mpya ije."

Daktari alijibu kwamba tyubu huja kwa meli kutoka Ulaya, na wagonjwa wamejaa barazani. Akaamuru meza yake na swichi ya mashine vihamishiwe chumba cha pili. Champaklal akafungasha vifaa vyake bila kumtazama Severa usoni.

Severa alijaribu kutafuta upande mwingine wa kusimama, lakini kitanda cha mashine kilikuwa kimejengewa ukutani. Akaenda hadi mlangoni. Hapo mwanamke mmoja akampa mtoto anayekohoa.

"Haimuumizi, dada?"

"Haiumi," Severa akasema.

Alimlaza mtoto, akamshika mabega. Tumboni mwake mifupa midogo ilijivuta taratibu kuelekea uti wa mgongo, ikajibana pale, na kule chumba cha pili daktari akabonyeza swichi.