Mizani Kabla ya Saa Sita

Kuna watu huzaliwa na shaka kama wengine wanavyozaliwa na vishimo vya mashavuni, na Msusi alikuwa mmoja wao. Siku za kazi alisuka nywele saluni. Siku za mapambano aliingia kizimbani, kwenye mchezo ule ambao ngumi, mateke na mieleka vyote ni ruksa. Pambano lililopita alivunjika kidole. Akalipwa nusu, maana nusu ya pili ni ya mshindi, na matibabu akajigharamia mwenyewe. Miezi miwili hakusuka hata kichwa kimoja. Mwenye saluni alishamwambia wazi: mwezi huu usipolipa kodi ya kiti, anakaa mwingine.

Ndiyo maana asubuhi ya kupima uzito, mpinzani wake wa kesho, mwanamke waliyemwita Mama Pacha, alipomfuata chooni na kumnong'oneza, alimsikiliza.

"Dada, mimi na wewe tusipande mizani. Tumpe promota karatasi yetu: tulipwe malipo kamili, ushinde ushindwe, na matibabu juu yake. Mwisho wa kupima ni saa sita. Tusipopima hakuna pambano, na tiketi keshauza."

"Na mmoja wetu akipanda?"

"Aliyebaki chini kaumia. Atahesabiwa kakimbia, hapati kitu." Mama Pacha akamnyooshea mkono. "Lakini hapandi mtu."

Msusi akaupokea ule mkono kwa shaka. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na yeye hakuwa nyoka wa kutoka kirahisi.

Karatasi ikapelekwa. Promota akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. "Mizani iko wazi," akasema, basi.

Saa tano na robo wamekaa kwenye mabenchi, huyu ukuta huu, yule ukuta ule. Msusi hajanywa maji tangu jana mchana ili uzito ushuke. Ulimi umekuwa soli ya kiatu. Jicho lake halibanduki kwa Mama Pacha. Mjomba wake, ambaye ndiye kocha wake, akamwinamia.

"Mwanangu, huyo anakuchezea akili."

"Tumepeana mkono, mjomba."

"Haya, endeleeni kupeana mikono. Kesho kizimbani mtapeana maua?"

Ilipobaki robo saa, promota akamwita Mama Pacha mlangoni, akamnong'oneza jambo. Mama Pacha akacheka! Akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kicheko cha nini, jamani, saa kama ile? Kisha akarudi, akavua viatu, akachukua taulo, akaingia nyuma ya pazia la kubadilishia nguo. Sasa niambie wewe: mtu anavua viatu na kubeba taulo siku ya kupima uzito, anakwenda kufanya nini? Kufua?

Msusi akakiona kiti chake cha saluni kimekaliwa na mwingine. Hasira zikampanda. Hakumuuliza mtu. Akatupa viatu, akatupa fulana, akapanda mizani, zikiwa zimebaki dakika sita.

"Kilo hamsini na saba kamili, ndio mwisho wa uzito wenu," akasema mpimaji. Mjomba akapiga makofi.

Pazia likafunguka. Mama Pacha akatoka akichechemea. Misuli ya miguu ilikuwa imemkaza kwa kiu ya siku mbili. Viatu alivua kwa ajili hiyo, na taulo lilikuwa la kujikandia. Mkononi ana chupa kubwa ya maji iliyobaki robo. Akamwona Msusi juu ya mizani, akasimama palepale. Alipoitwa, naye akapanda, angefanyaje? Hamsini na nane na robo.

"Umekunywa?" Msusi akauliza.

"Nilijiogopa mwenyewe. Nikiwakumbuka wanangu ningeweza kulegea dakika za mwisho. Nikasema ninywe, hata nikishawishika mizani inikatae."

"Na pale mlangoni, ulicheka nini?"

"Aliniambia wewe umeshakubali kupanda. Nikajua ni uongo, nikacheka."

Msusi alitamani ardhi ipasuke immeze. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka moto.

Promota akaja na fomu na kalamu, meno yote nje. "Kanuni ni kanuni. Aliyezidi uzito anakatwa sehemu ya tano ya malipo, anapewa mwenzake. Hongera, Msusi! Weka sahihi hapa kwamba unakubali kupigana naye hivyo hivyo. Bila sahihi yako hakuna pambano."

Mama Pacha akamsogezea Msusi ile chupa. "Kunywa. Wewe ushapima."

Msusi akaishika kalamu. Mjomba akamkonyeza: weka, mwanangu, weka! Akaitazama fomu, kisha akailaza kalamu mezani.

"Promota," akasema, "ile karatasi yetu bado iko mfukoni?"

Mjomba akajishika kichwa. Promota meno yakarudi ndani. Msusi akageuka kumtafuta Mama Pacha, apate japo tabasamu moja. Mama Pacha hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa ameikodolea macho ile kalamu, aone kama Msusi ataiokota tena.