Mwito wa Pancha

Jumapili za baridi klabu yetu ya baiskeli haishindani. Mashindano ni ya kiangazi. Kuanzia Novemba tunaendesha pamoja, wawili wawili, tairi karibu kugusa tairi, na aliye nyuma haoni kitu zaidi ya makalio ya mwenzake. Kwa hiyo tuna sheria moja. Mtu akipata pancha anapiga kelele, aliye mbele yake anaipokea na kuipeleka mbele, mdomo kwa mdomo, mpaka imfikie kiongozi. Kiongozi anasimama, na wote wanasimama. Ndivyo walivyofanya baba zetu kabla klabu haijaingiliwa na wenye magari makubwa.

Kiongozi wetu ni mwenyekiti, Lieven Claerhout, mwenye duka la vyakula vya mifugo. Walimchagua kwa sababu ndiye anayetununulia fulana. Mimi shule niliiacha mapema nikaenda kuchinja nguruwe, lakini hata mimi najua fulana haimpi mtu akili ya kuongoza wenzake.

Januari iliyopita mke wangu Godelieve alipata pancha kwenye barabara ya mfereji. Mimi nilikuwa kitandani na homa. Alipiga kelele, na msafara haukusimama. Akabaki peke yake kwenye kona anabadilisha tairi, katika tope lililoangushwa na matrekta ya viazi vya sukari ambalo halmashauri haikuona haja ya kuliosha, na trekta likampitia juu. Claerhout alisema kanisani, jeneza likiwa mbele yake, kwamba upepo ulikuwa mkali na hakusikia kitu. Watu wakamwamini. Mkubwa akisema, nani abishe?

Basi baridi hii yote nimekaa nyuma ya gurudumu lake. Wenzangu wanapokezana nafasi msafarani, mimi sitoki. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: mwito ukimfikia, anasikia au hasikii. Binti yangu Griet naye alianza kuja na baiskeli ya mama yake. Alikaa nyuma kabisa, na mbele yake alikuwa mzee Firmin, ambaye kila Jumapili kabla ya kuondoka aliniuliza kama nimeoa tena, maana hata mke hafuatwi nyuma namna nilivyomfuata Claerhout.

Siku yenyewe upepo ulitoka baharini ukatupiga ubavuni kama mtu anayetusukuma kwa mabega. Saruji ya barabara ilikuwa na barafu pembeni. Tulipokwisha pita kona ile ile nikasikia mwito unakuja kutoka nyuma, sauti moja baada ya nyingine, na jina la Griet ndani yake. Nikaupokea. Niliupiga sikioni mwa Claerhout kwa karibu kiasi cha kuling'ata.

"Pancha! Lieven, ni Griet."

Shingo yake ilikakamaa. Kisha akasimama juu ya pedali na kuongeza mwendo.

"Atatukuta mkahawani kwenye supu," akasema.

Nikamgonga kwa bega. Akanirudishia kiwiko mdomoni, jino likavunjika nikalimeza na damu yake. Nikaushika usukani wake nikauvuta kwangu. Tulianguka pamoja, na walio nyuma yetu hawakuwa na pa kwenda. Wakaja juu yetu mmoja mmoja, vyuma, magoti, mayowe. Mnyororo wa baiskeli ya mtu ulinichana shavu la mguu. Mmoja alitua kwa uso na hakuinuka, akawa anatetemeka tu. Mfupa wa bega la Claerhout nilisikia ulivyokatika, na mimi mlio wa mfupa naujua.

Nilimkalia kifuani. Nikamshika kamba za kofia yake ngumu nikakipigiza kichwa kwenye saruji.

"Sema. Umesikia?"

"Nimesikia, mwendawazimu wewe. Niachie."

"Na Godelieve?"

Alitema damu, kidogo yake ikaniingia jichoni. "Nilisikia. Tulisikia wote. Mwito unapita mdomo kwa mdomo, Maurits, ulidhani uliruka hewani? Muulize Firmin. Muulize yeyote hapa."

Nikampiga ngumi. Nilimpiga mpaka pua ikalala upande, mpaka vidole vyangu vikafa ganzi, na kila mara mdomo wake ulipotaka kufunguka nikaufunga. Walinivuta kwa fulana, ikachanika. Mmoja akanipiga mbavuni kwa kiatu chenye chuma cha pedali, mara ya pili nikamwona: Firmin. Mzee wa watu, machozi yanamtoka, ananipiga teke na kuniambia nimwachie mwenyekiti, nitamuua mwenyekiti.

Firmin, aliyekuwa mbele ya binti yangu. Yupo hapa, na nyuma yake barabara tupu.

Nikaokota baiskeli iliyokuwa bado inazunguka magurudumu, sijui ya nani, nikarudi na upepo unanitupa mtaroni kila hatua. Trekta lilinipita likiwa limejaa viazi, dereva hakunitazama.

Kwenye kona baiskeli ya Godelieve ilikuwa imebandikwa barabarani, bapa kama ngozi. Nikaliita jina la Griet nikashindwa kulimaliza. Yeye alikuwa mtaroni, maji ya barafu magotini, kiganja kimechanika mpaka nyama inaonekana. Alikuwa ameruka.

Aliniangalia mdomo, ngumi, fulana iliyochanika.

"Kelele yangu ilikufikia?"

Nikamwambia ilinifikia, na nikamfikishia Claerhout, na amekiri, leo amekiri mbele ya watu wote, hata kelele ya mama yake amekiri aliisikia.

"Sasa mbona hukugeuka?" Meno yalikuwa yanamgongana. "Nilikuwa nakuita wewe, Baba. Si Claerhout."

Nikamweleza kwamba sheria haiko hivyo. Kiongozi ndiye anayesimama, na kiongozi asiposimama kosa ni lake. Nikamnyooshea mkono. Akashika majani, akapanda mwenyewe.