Fundi wa Mapaa na Mguu Uliopona

Baba yangu amenichosha roho. Kisukari anacho siku nyingi, dawa anakunywa akijisikia, na kazi yake ni kuezeka: kutwa yuko juu ya mapaa, peku, eti viatu vinamzuia kujua anapokanyaga. Miguu ilikuwa ikimwaka moto, akilalamika mpaka majirani wakachoka naye. Ghafla ikanyamaza. Basi hapo hakamatiki! Kapona, na kesho anapanda ghorofa.

Mimi kazi yangu ni kupiga watu altrasaundi. Nimemwambia mpaka mate yamenikauka kwamba mguu wa mwenye kisukari ukiacha kuuma hivihivi, huenda mishipa ya fahamu ndiyo inakufa. Akanicheka. Eti watu wa hospitali tukiona mtu hana ugonjwa tunanuna. Mama ndiye aliyemsusia mpaka akakubali kuja kwangu, tena kwa sharti: nimwonyeshe huo ugonjwa kwa macho yake, la sivyo nimwache apande.

Akajitupa kitandani kama yuko kwake. Nikaanza na mguu wa kushoto, nikautafuta mshipa wa fahamu nyuma ya kifundo, nikauona umevimba. Nikamgeuzia skrini, nikamwonyesha na picha ya mshipa wa mtu asiye na kisukari, ulivyo mwembamba. Akatupa jicho mara moja tu.

"Ukungu mtupu," akasema. "Na huyo mwingine ukungu."

Halafu akaiangalia dari, akaanza kumsema fundi aliyeipigilia. Jamani! Nilitamani kulia. Nimesomea kazi hii, wagonjwa wa watu wananisikiliza, ila baba yangu mzazi ananiona napiga porojo.

Nikahamia mguu wa kulia. Nikammiminia jeli ya baridi, ile ambayo kila mtu ikimgusa lazima auvute mguu. Yeye akaendelea na fundi wake. Nikakiweka kichwa cha mashine, na kwa hasira nikakigandamiza kuliko inavyotakiwa. Nilikuwa nimeshaupata mshipa, nimeshaupima, aliponigeukia usoni, kanuna.

"Na huo mwingine unaanza lini? Watu tuna kazi."

Nikamtazama, mkono bado umegandamiza.

"Baba, nimeshaanza."

Akainua kichwa. Akautazama mkono wangu, akautazama mguu wake. Akaniambia nibonyeze. Nikamwambia nabonyeza. Akaniambia nibonyeze kwa nguvu, acha mchezo, na mimi huku kiganja kinaniuma kwa kubonyeza.

Akalaza kichwa taratibu. Nilingoja anitanie, aseme mashine yangu mbovu, nipate pa kuanzia kugomba. Hakusema hivyo.

"Sasa mimi nitafanya kazi gani, mwanangu?"

Hasira zote bado nilikuwa nazo, na wa kumtolea hakuwepo tena. Nikachukua kitambaa nikaanza kumfuta jeli, na nilipomaliza mguu huo ikabidi nimwambie kwamba nimemaliza.