Mita Hamsini na Moja

Njia ya marathoni ya jiji haipimwi kwa gari wala kwa simu. Hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu la mbele, na mwendeshaji mwenye kichwa kigumu kuliko lami. Mpimaji wa jiji hili alikuwa nacho. Miaka kumi na tisa alikata kila kona akiubana ukingo wa barabara, kwa kuwa ndivyo mkimbiaji mwenye akili anavyopita, na aliwafokea wenye magari yaliyoegeshwa ovyo hadi wakamwita Bwana Sentimita.

Kila siku ya kupima alianzia kwenye kipande kilichonyooka nyuma ya uwanja wa michezo, mita mia tatu zilizopimwa kwa utepe wa chuma. Alikipita mara nne ili ajue gurudumu linazunguka mara ngapi. Upepo wa tairi ukipungua kidogo tu, hesabu yote imeharibika, na ni lazima kurudi pale uwanjani kuanza upya. Hilo alilijua kama alivyojua jina lake.

Mwaka huu alipata pancha kwenye kilomita ya thelathini, chini ya kilima cha hospitali, kile ambacho wakimbiaji wamekibatiza Mama Mkwe kwa sababu hupandwa kwa kichwa kilichoinama. Akaziba, akajaza kwa pampu ya mkono. Askari wa pikipiki aliyekuwa akimsafishia njia alitazama saa.

"Mzee, saa mbili nafungua barabara. Ukisema urudi uwanjani, basi leo hatumalizi."

Mpimaji akalibonyeza tairi kwa kidole gumba, akajiambia ni gumu vya kutosha. Kwa kidole gumba, yeye mtu wa sentimita. Akaendelea mpaka mwisho, na jioni, kwenye fomu, palipoulizwa kama gurudumu lilipimwa upya, akaweka tiki.

Binti yake alikimbia mbio hizo. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, na hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho kuingia timu ya taifa. Alitakiwa amalize ndani ya saa mbili na nusu. Kwenye Mama Mkwe mguu ukaanza kumuuma kwa ndani. Akauma meno, akaenda nao hivyo hivyo kilomita kumi na mbili, akavuka mstari zikiwa zimebaki sekunde ishirini, akaangukia mikononi mwa baba yake. Wote wawili walilia bila aibu.

Mfupa ulikuwa umepasuka. Daktari alisema utachukua miezi minne kuunga, na orodha ya timu ilikuwa inafungwa baada ya miwili. Haikuwasumbua. Muda walikuwa nao tayari.

Ila muda wa namna hiyo haukubaliwi mpaka njia ipimwe tena na mtu mwingine. Mkaguzi alikuja na baiskeli yake, mtu mpole, na mpimaji akamfuata nyuma. Kutoka mwanzo hadi kilimani hesabu zao zilifanana kabisa. Kutoka kilimani hadi mwisho njia ilikuwa fupi.

"Hapa kilimani kulitokea nini?" mkaguzi aliuliza.

Angeweza kuwasingizia vibarua waliopanga vizuizi kwenye kona. Neno lilimfika mdomoni, akalimeza.

"Pancha," alisema. "Na sikurudi uwanjani."

Mkaguzi aliandika, akashindwa kumtazama usoni.

Nyumbani alimkuta binti yake sebuleni, mguu wenye plasta umewekwa juu ya stuli, akikunja nguo zilizoanuliwa. Alimweleza yote akiwa bado amesimama: pancha, kidole gumba, tiki. Muda wake ulikuwa umefutwa. 

"Fupi kiasi gani?" binti aliuliza.

"Mita hamsini na moja."

Binti akafumba macho, kama afanyavyo akipiga hesabu ya mwendo. Alipoyafumbua hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha baba yake.

"Hizo ni sekunde kumi na moja," alisema. "Nilikuwa na ishirini. Ningezimaliza, baba. Ulinipokea kabla sijafika."